Dijkstra: Mwanaprogramu aliyeandika vitabu kwa kalamu ya wino

UKIIAMBIA simu ikuonyeshe njia fupi ya kutoka Umoja hadi Westlands, kuna hesabu inayopigwa kabla ya ule mstari kutokea kwenye ramani. Mbinu nyingi za kutafuta njia zinazotumika leo zimechipuka kutoka kwa wazo la jamaa mmoja Mholanzi, aliyelipata mnamo 1956 akinywa kahawa na mchumba wake mjini Amsterdam. Hakuwa na kalamu wala karatasi. Ilimchukua dakika kama 20 hivi.

Jina lake ni Edsger Dijkstra, tamka Daikstra. Kama unasomea kompyuta, lazima utakutana naye kwenye mtihani. Shida ni kwamba wengi wetu huishia hapo. Tunakariri hatua zake, tunapita mtihani, tunasahau. Ilhali jamaa huyu aliacha maandishi ambayo yanaweza kubadilisha kabisa jinsi unavyoandika programu.

Dijkstra alizaliwa Mei 11, 1930, katika mji wa bandari wa Rotterdam. Babake alikuwa mwanakemia, mamake mtaalamu wa hisabati. Akiwa shuleni alitamani kusomea sheria, akiwa na ndoto ya siku moja kuiwakilisha nchi yake katika Umoja wa Mataifa. Lakini alama zake za hisabati na sayansi zilikuwa moto wa kuotea mbali, akaishia Chuo Kikuu cha Leiden kusomea fizikia.

Mnamo 1951 alivuka bahari hadi Cambridge, Uingereza, kwa kozi ya wiki tatu kuhusu namna ya kuipa kompyuta maagizo. Wiki tatu tu, lakini zilimgeuza. Machi 1952 akaajiriwa kwa kibarua cha muda katika Kituo cha Hisabati jijini Amsterdam. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu.

Fikiria hali yake. Kazi anayoipenda haina jina linaloeleweka. Hakuna chuo kinachoifundisha kama taaluma. Daktari akiulizwa anajua nini, ana jibu. Mwanafizikia ana jibu. Mwandishi wa programu angejibu nini? Kwa miaka mitatu alikuwa mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Mwishowe, mnamo 1955, alimwendea mkubwa wake kazini, Adriaan van Wijngaarden, akamfungulia moyo. Mzee huyo alikubali kwamba taaluma hiyo bado haikuwepo. Hata hivyo, alimweleza kuwa kompyuta zimekuja kukaa, na akamuuliza kwa nini asiwe yeye mmoja wa watakaoifanya kazi hiyo iheshimike. Dijkstra alitoka ofisini humo akiwa mtu mwingine. Akamaliza fizikia haraka haraka na kujitosa mzima mzima.

Serikali haikushawishika lakini. Alipofunga ndoa na Maria Debets mnamo 1957, sheria ilimtaka ataje kazi yake. Aliposema anaandika programu, maafisa wa jiji la Amsterdam walikataa, eti hakuna kazi kama hiyo. Ikabidi aandikwe mwanafizikia. Kwa hivyo, kama wazee nyumbani bado wanauliza ni lini utatafuta kazi ya kueleweka, jipe moyo. Hujaanza wewe.

Jambo lililomnoa zaidi ni uhaba. Katika miaka yake ya mwanzo aliandika programu za mashine ambazo wenzake walikuwa bado wanaziunda. Huwezi kubonyeza ujaribu, ikikataa urekebishe, ujaribu tena. Ilibidi ajue programu iko sawa kwa kuifikiria tu, mstari kwa mstari, kwenye karatasi. Tabia hiyo hakuiacha hadi kifo.

Mnamo 1960 yeye na mwenzake Jaap Zonneveld walikuwa wakiunda kompaila ya lugha ya ALGOL 60, yaani programu ya kuibadilisha lugha hiyo iwe maagizo ambayo mashine inaelewa. Waliapa kutonyoa ndevu hadi kazi iishe. Kufikia Agosti mwaka huo iliisha. Zonneveld akanyoa zake. Dijkstra alizipenda, akabaki nazo.

Mnamo 1968, akiwa profesa mjini Eindhoven, alitikisa fani nzima kwa barua fupi tu katika jarida moja la kompyuta. Alikuwa akipinga agizo la goto, linaloiruhusu programu kuruka kutoka mahali pamoja hadi popote. Hoja yake ilikuwa nyepesi: msimbo unaorukaruka hivyo haufuatiliki akilini, na usichoweza kukifuatilia huwezi kujua kama ni sahihi. Wapo waliokasirika, lakini leo lugha nyingi unazojifunza ama hazina agizo hilo kabisa au hulitumii.

Sasa tuje kwa vitabu, maana hapa ndipo kuna mali.

Cha kwanza ni Structured Programming, kilichotoka 1972, mwaka aliopewa Tuzo ya Turing. Alikiandika pamoja na Ole-Johan Dahl na Tony Hoare. Sehemu ya kwanza ni yake, na inaonyesha jinsi ya kuvunja tatizo kubwa vipande vipande hadi kila kipande kiwe kidogo cha kutosha kueleweka. Kama programu zako zikifika mistari 500 unaanza kupotea ndani yake, anza na hiki.

Cha pili ni A Discipline of Programming cha 1976. Hiki si mchezo. Programu zilizomo zimeandikwa kwa lugha ndogo aliyoibuni mwenyewe, kwa hivyo huwezi kunakili na kuziendesha. Alitaka uunde programu na uthibitisho wa usahihi wake kwa pamoja, hatua kwa hatua. Usikisome kitandani. Chukua daftari, soma ukurasa mmoja, funga kitabu, jaribu mwenyewe.

Tatu, kuna maandishi yake madogo yajulikanayo kama EWD, herufi za kwanza za majina yake. Yako zaidi ya 1,300. Mengi aliyaandika kwa mkono, kwa kalamu ya wino, akatoa nakala na kuwatumia wenzake kwa posta, nao wakatoa nakala nyingine. Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alikofundisha kuanzia 1984 hadi alipostaafu 1999, kimeyahifadhi mtandaoni na kuyasoma ni bure. Mengine ni kurasa mbili tatu tu, unazimaliza ukiwa kwenye matatu.

Hakuwa malaika. Ulimi wake ulikuwa mkali, na lugha za programu alizozidharau alizishambulia hadharani bila huruma, jambo lililowaumiza wengi. Kwa miaka mingi hakutaka hata kuwa na kompyuta yake mwenyewe, na wapo waliomwona mtu wa vitabuni asiyejua presha ya kazi ya kila siku. Malalamiko hayo yana uzito. Bosi anayetaka kazi Ijumaa hatangoja uthibitisho wa kihisabati.

Lakini fikiria ulipo leo. Unaweza kuiomba mashine ikuandikie msimbo na ikakupa kurasa nzima kabla hujameza chai. Kazi inayobaki mikononi mwako ni kujua kama ulichopewa ni sahihi. Kwa programu inayohamisha pesa za mama mboga au kupanga dawa za wagonjwa hospitalini, kubahatisha ni hatari. Ujuzi huo wa kusoma msimbo na kujua, bila kubahatisha, ndio Dijkstra aliufukuzia maisha yake yote.

Alirejea Uholanzi mwaka 2002 akiugua saratani, akafariki nyumbani kwake Nuenen mnamo Agosti 6. Alikuwa na umri wa miaka 72.

Wikendi hii, kabla ya kufungua laptopu, tafuta EWD moja fupi na kalamu. Chagua tatizo dogo, kwa mfano kupanga orodha ya majina kwa alfabeti, uliandikie suluhisho kwenye karatasi na ujieleze kwa nini haliwezi kukosea. Ukishaamini, ndipo uandike kwenye mashine. Ikikubali mara ya kwanza, utaelewa kwa nini jamaa huyu hakuwa na haraka ya kununua kompyuta.