Nsaku Ne Vunda, balozi wa Kongo mwenye alifika Roma akiwa karibu kufa

Ndani ya kanisa kubwa la Santa Maria Maggiore, huko Roma, kuko sanamu ya mutu mweusi. Uso wake ni wa jiwe jeusi, mugongoni amebeba mufuko wa mishale. Huyo njo Antonio Manuel Nsaku Ne Vunda. Hakutoka huku kwetu mashariki. Alikuwa mutu wa ufalme wa Kongo, kule magharibi, wenye muji wake mukuu, Mbanza Kongo, leo uko ndani ya Angola.

Mwaka 1604 mufalme Álvaro II alimutuma kwa Papa. Kongo ilikuwa imepokea dini ya Kikristo tangu 1491, lakini mambo yote ya Kanisa, mapadri na askofu pia, yalipitia mikononi mwa Wareno. Álvaro alitaka kuongea na Papa mwenyewe, bila mutu katikati.

Safari ilichukua karibu miaka ine. Walipitia Brazil, wanyanganyi wa bahari wa Uholanzi wakawapora. Kisha Lisbon, kisha Hispania, na pale akakwama muda murefu. Mufalme wa Hispania, Philip III, njo alitawala pia Ureno. Unaweza kuelewa kwa nini njia haikufunguka mbio. Wenzake wengi walikufa mbele ya kufika.

Papa Paulo V alitayarisha mapokezi makubwa ya tarehe 6 Januari 1608, sikukuu ya Epifania, siku Wakristo wanakumbuka wale wafalme watatu wenye walitoka mbali. Lakini Nsaku aliingia Roma siku chache mbele, mugonjwa sana. Papa alimulaza Vatikani, akaenda mwenyewe kumuangalia. Usiku wa kuamkia sikukuu, akafa. Maandamano ya kumupokea yakageuka ya kumuzika.

Wakati ule, mapapa na wafalme walikuwa wanachorisha safari na mapokezi kwenye kuta, ili kila mwenye kuingia aone nani alikuja kuwaheshimu. Miaka michache kisha, Giovanni Battista Ricci alichora Vatikani Papa kando ya kitanda cha balozi. Karibu 1616, Agostino Tassi, Giovanni Lanfranco na Carlo Saraceni walipamba ukumbi wa jumba la Quirinal. Pale juu wakachora mabalozi wa inchi za mbali, wa Japani na wa Uajemi, wamesimama ku balkoni. Nsaku ni kati yao, muzima kabisa, na huku alikuwa kaburini tangu miaka minane.

Picha ya kwanza inasema kweli, lakini sifa inaenda kwa Papa. Ya pili ni uongo, na mimi njo naipenda zaidi.

Mapadri Wakapuchini, wenye walitumwa na Roma yenyewe, walifika Kongo mwaka 1645. Álvaro II alikuwa amekufa tangu 1614.