Charles Lamb: Mwandishi aliyesafiri na dadake mgonjwa miaka mingi

WENGI walioonja tamthilia za Shakespeare kwa njia ya hadithi fupi walisoma kitabu cha Charles na Mary Lamb, kilichochapishwa London mnamo 1807. Baadhi ya hadithi hizo zilitafsiriwa kwa Kiswahili kisiwani Unguja katika karne ya 19. Wachache, hata hivyo, wanayajua masaibu ya ndugu hao wa tumbo moja.

Mnamo Septemba 22, 1796, chakula kikiandaliwa nyumbani kwao London, Mary alipandwa na wazimu akamuua mama yao kwa kisu. Alikuwa na miaka 31, tena amechoshwa na kazi ya kushona nguo na kumuuguza mama huyo. Charles, kijana wa miaka 21, ndiye aliyempokonya kisu.

Uchunguzi ulibaini kwamba Mary hakuwa na akili timamu. Kakao mkubwa, John, alitaka afungiwe daima hospitalini. Charles, karani tu wa Kampuni ya East India, alikataa na kuahidi kumtunza maishani. Baba yao alipofariki mwaka wa 1799, Mary alirudi kuishi naye.

Ugonjwa ulikuwa ukienda na kurudi. Dalili zilipoanza, Mary mwenyewe alizitambua. Rafiki mmoja aliwahi kuwakuta wakivuka mashamba kuelekea nyumba ya wagonjwa wa akili, wameshikana mikono huku wakilia. Waliposafiri, miongoni mwa mizigo yao mlikuwa na koti la kumfunga mgonjwa mikono, ambalo Mary alilipakia mwenyewe.

Ajabu ni kwamba hawakuacha kusafiri, ingawa uchovu wa njiani ulikuwa ukiuchokoza ugonjwa. Mwaka wa 1802 walifika Keswick, kwenye milima ya kaskazini mwa Uingereza, kumtembelea mshairi Coleridge. Mwaka wa 1822 walivuka bahari kwenda Ufaransa wakiandamana na muuguzi. Hawakuwa wamefika Paris Mary alipozidiwa mjini Amiens. Ilibidi aachwe huko akitibiwa. Alipopata nafuu na kuingia Paris, Charles alikuwa amekwisha kurudi Uingereza.

Kati ya hadithi 20 za kitabu chao, Mary aliandika 14, lakini jina lililochapishwa kwanza lilikuwa la Charles pekee. Hiyo ilikuwa dhuluma, hata kama ilikusudiwa kumsitiri.

Charles hakuoa. Mwigizaji Fanny Kelly alikataa posa yake mwaka wa 1819. Mnamo 1833 alihamia Edmonton, katika nyumba iliyopokea wagonjwa wa akili, ili asitengane na Mary kila alipougua.

Aliyetarajiwa kutangulia hakutangulia. Charles alianguka njiani akaumia uso, akafariki Desemba 27, 1834. Mary aliishi hadi Mei 20, 1847, akazikwa kaburi moja naye huko Edmonton.