Bibi Khadija: Utu Uzima Uliotumikia Dini

Kila mwezi wa Mfungo Sita unapoandama, na maulidi yakaanza kusomwa tangu Lamu mpaka Vanga, jina la Bibi Khadija binti Khuwailid (R.A.) hutajwa misikitini na majumbani mwetu. Msomaji wa Barzanji hulifikia, hulipita, na majilisi huendelea. Aghlabu tunamjua kwa mambo mawili: kuwa alikuwa tajiri, na kuwa alimtaka mwenyewe mume aliye mdogo kwake kwa umri. Yote mawili ni kweli, lakini si kiini cha maisha yake. Leo napenda kumzungumza kwa upande ambao mara nyingi hatuupi haki yake, nao ni kwamba kazi kubwa kabisa aliyoifanya duniani aliianza akiwa mtu mzima, ndani ya ndoa iliyokwisha kukomaa, wakati ambao wengi wetu huuhesabu kuwa ni wa kupumzika.

Bibi Khadija alizaliwa Makka katika ukoo wa Bani Asad, mmoja wa koo za Kureshi. Nasaba yake na ya Mtume Muhammad (S.A.W.) hukutana kwa babu yao Kusayy. Kabla ya Uislamu watu wa Makka walimpa lakabu ya Tahira, yaani mwanamke aliyetakasika, kwa mwenendo wake mwema. Alikuwa ameolewa mara mbili kabla, na akabaki mjane mwenye mali. Hakusafiri yeye na misafara. Aliwapa watu bidhaa zake wakaenda nazo Sham, na faida wakagawana kwa mapatano. Wapokezi wa taarikh husema kuwa msafara wake ulipotoka, peke yake ulilingana na misafara ya Kureshi wote ikiwekwa pamoja.

Katika watu aliowapa bidhaa alikuwamo kijana wa Bani Hashim aliyejulikana kwa uaminifu. Alimtuma Sham pamoja na mtumishi wake Maisara, na waliporudi faida ilikuwa kubwa, lakini habari alizozileta Maisara za tabia ya kijana yule zilikuwa na thamani zaidi ya faida. Bibi Khadija akamtuma rafiki yake Nafisa kwenda kumchunguza moyo. Ndoa ikafungwa, Abu Talib akasoma hotuba, na katika mapokezi yanayojulikana zaidi mahari yalikuwa ngamia 20. Ilikuwa karibu na mwaka 595. Bwana harusi alikuwa na miaka 25. Juu ya umri wa bibi harusi maulamaa wamehitilafiana. Walio wengi husema alikuwa na miaka 40, na wako waliosema 28. Mimi nafuata walio wengi, lakini hata msomaji akifuata kauli ya pili, hoja yangu haitaanguka, kama atakavyoona mbele.

Miaka 15 ya mwanzo ilipita kwa utulivu. Walizaliwa watoto wa kiume, wakafa wadogo. Na mabinti wanne, Zainab, Rukaya, Ummu Kulthum na Fatma, wakakua. Nyumba ile pia ilipokea watoto wa wengine. Zaid bin Haritha aliingia akiwa mtumwa, Bibi Khadija akamtoa zawadi kwa mumewe, na mumewe akamwacha huru. Ulipoingia mwaka wa njaa, Ali mwana wa Abu Talib alichukuliwa akalelewa humo ili baba yake apunguziwe mzigo. Mume alipozoea kwenda kujitenga katika pango la Hira juu ya Jabal Nur, mke hakumwekea kinyongo. Alimfungia masurufu, akiisha hurudi, naye humfungia mengine.

Ndipo ukaja usiku wa mwaka 610. Mtume (S.A.W.) aliteremka mlimani akitetemeka baada ya kuamrishwa kusoma na Malaika asiyemjua, akataka afunikwe nguo. Kwa kauli ya walio wengi, bibi alikuwa na miaka 55, na mume 40. Kwa kauli ya wachache, yeye alikuwa na miaka 43. Kwa hesabu yoyote ile, hawa walikuwa watu wazima, wenye mabinti wa kuozwa, wenye heshima na riziki katika mji wao. Hawakuwa na haja ya kuanza jambo lolote jipya.

Nawaomba wasomaji wasimame kidogo hapa. Miaka 55 ndio umri ambao kwa miaka mingi mtumishi wa serikali ya Kenya alilazimishwa kustaafu, mpaka ulipopandishwa kufika 60 mwaka 2009. Na mimi niliye katika muongo huo huo wa umri najua yanavyozungumzwa barazani baada ya sala ya alasiri: magoti yanauma, watoto wameoa, dunia tuwaachie vijana. Katika umri kama huo Bibi Khadija alipokea habari ambayo ingeweza kuvunja nyumba yoyote. Mume amerudi usiku, ana khofu, anasema ameona jambo la ghaibu.

Hakupiga ukelele, wala hakukimbilia kwa jirani. Kwanza alimfunika, akangoja khofu imtoke. Kisha akamtuliza kwa kumkumbusha mambo aliyoyaona kwa macho yake kwa miaka 15: kwamba huunga udugu, hubeba mzigo wa mnyonge, humpa asiyenacho, humkirimu mgeni, basi mtu wa namna hiyo Mungu hamfedhehi. Halafu akampeleka kwa binamu yake Waraka bin Naufal, mzee kipofu aliyekuwa Mkristo na msomaji wa vitabu vya kale, naye akathibitisha kuwa aliyekuja ni yule yule aliyemjia Nabii Musa. Angalieni alichokitumia bibi huyu. Hakutumia mali wala nguvu. Alitumia ujuzi ambao hauna njia ya mkato, ujuzi wa mke aliyeishi na mume siku nyingi akamjua alivyo kwa watu na alivyo peke yake. Bibi arusi wa mwezi mmoja asingekuwa na ushahidi ule.

Hivyo akawa wa kwanza kuamini. Kwa miaka kama mitatu wito ulikwenda kwa siri, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa kitovu chake. Mfanyabiashara mmoja wa kabila la Kinda, Afif, alisimulia kuwa alifika Makka akawaona watu watatu wakisali kwa namna asiyoijua: mwanamume, kijana, na mwanamke. Aliambiwa kuwa ni Muhammad, Ali na Khadija, na kwamba hakukuwa na mwingine katika dini ile. Bibi wa makamo, mwenye jina sokoni, amesimama waziwazi katika jambo ambalo mji mzima hauliafiki.

Wito ulipodhihiri, bei yake nayo ilidhihiri. Rukaya na Ummu Kulthum walikuwa wamefungamana na wana wawili wa Abu Lahab. Baba aliwaamrisha wanawe wawaache. Rukaya akaolewa na Uthman bin Affan, na mwaka 615 wakavuka bahari kwenda Habash kukimbia mateso. Mama aliyekwisha kuzika wana wa kiume sasa alimuaga binti kwa safari ya ng'ambo, upande wetu huu wa Afrika, bila ya kujua watarudi lini.

Kisha likaja jambo zito zaidi. Kuanzia kama mwaka 616 Kureshi waliandika mkataba wakautundika ndani ya Kaaba: Bani Hashim wasiuziwe, wasinunuliwe kwao, wasiozwe wala wasioe. Ukoo ule ukabanwa katika bonde la Abu Talib kwa karibu miaka mitatu. Walikula majani ya miti, na vilio vya watoto wenye njaa vikasikika nje ya bonde. Bibi Khadija hakuwa wa Bani Hashim kwa nasaba. Ndugu zake wa Bani Asad walikuwa nje, wakinunua na kuuza. Yeye alibaki ndani na mumewe. Mpwa wake, Hakim bin Hizam, alijaribu kumpelekea ngano, Abu Jahl akamzuia njiani, mpaka Abul Bakhtari akaingilia na chakula kikapita. Mwanamke ambaye misafara yake ilijaza njia ya Sham sasa alingoja mzigo mmoja wa ngano.

Mkataba ulipobatilishwa, ukakutwa umeliwa na mchwa, mwili wake ulikuwa umechoka. Mwaka wa kumi wa utume, yaani 619, katika mwezi wa Ramadhani, alifariki. Alizikwa Hajun, Mtume (S.A.W.) mwenyewe akashuka kaburini. Abu Talib naye alikufa mwaka huo huo, na ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Hijra, Badr na kufunguliwa kwa Makka, hakuviona hata kimoja. Alipanda mti, akaumwagilia mali yake yote, akaondoka kabla haujatoa kivuli.

Je, baraka zake ni zipi? Ya kwanza imepokelewa katika hadithi sahihi: Jibrili alimletea salamu za Mola wake, na bishara ya nyumba Peponi isiyo na makelele wala taabu. Baadhi ya maulamaa wamefasiri kuwa malipo yamefanana na amali, kwa kuwa yeye hakumpigia mumewe kelele wala hakumtaabisha nyumbani.

Ya pili ni wafaa. Kwa miaka kama 25 ya ndoa yao Mtume hakuoa mke mwingine. Baada ya kufa kwake, akichinja mbuzi huwapelekea nyama marafiki wa marehemu. Baada ya Badr, mwaka 624, Zainab alileta mkufu wa mama yake kumkomboa mumewe aliyetekwa; Mtume alipouona mkufu ule moyo ulimlainika sana, akawaomba masahaba wamwachie mateka na wamrudishie Zainab mali yake. Bibi Aisha mwenyewe alikiri kuwa hakumwonea wivu mke yeyote kama alivyomwonea huyu ambaye hakuwahi kukaa naye.

Kuna watu tunaowajua waliopita njia hii kwa kiasi chao. Mwalimu aliyenisomesha Kurani alikuwa mzee, na mkewe mzee kama yeye. Chuo kilikuwa ukumbini mwao. Mwalimu alishika ubao na bakora. Mkewe alijua nani kaja bila ya kula, na uji wake ulikuwa tayari kabla ya juzuu kufunguliwa. Hawakulipwa ila ada ndogo ya Alkhamisi. Sisi wanafunzi tulimwita mwalimu mmoja, lakini nikihesabu leo naona walikuwa wawili.

Hapo ndipo tunapokosea katika miji yetu. Mzee akistaafu hukimbilia msikitini peke yake, na mkewe hubaki jikoni na wajukuu, kila mmoja akitafuta thawabu zake upande wake. Wana nyumba yenye vyumba vitupu, wana pensheni, au shamba, au duka. Na zaidi ya hayo wana miaka 30 ya kujuana. Mtaani pana mayatima wa kusomeshwa na wajane wa kuangaliwa, na pana vijana wanaooana leo wakaachana kesho kwa kukosa mtu mzima wa kuwasuluhisha. Kazi hizo haziwezi kufanywa na kijana mwenye haraka, wala hazifanyiki vyema na mzee mmoja. Zinataka nyumba nzima.

Basi mwaka huu, msomaji wa Barzanji atakapofika kwenye jina lake, mzee na atazame upande waliko akina mama, kisha warudipo nyumbani wakae wawili waulizane ni lipi lililobaki mikononi mwao. Bibi Khadija alikuwa na miaka kumi tu kama hiyo, na ilitosha. Mwenyezi Mungu amridhie, na atujaalie mwisho mwema. Amin.