Mboya alipoacha mshahara wa baraza na kufuata vyama vya wafanyakazi

WAHENGA walitukanya tusiache mbachao kwa mswala upitao. Yeyote aliyewahi kuwaza kuacha kazi yake amesikia methali hiyo ikitajwa na mzazi, mwenzi au rafiki, na aghalabu anayeitaja huwa na hoja. Mwaka wa 1953, kijana wa miaka 23 jijini Nairobi alikuwa na kila sababu ya kuitii. Kijana huyo ni Thomas Joseph Mboya, mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake, Leonard Ndiege, alikuwa ameajiriwa. Asili yao ni kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Alisoma Yala na baadaye Mang'u, lakini karo ikawa kizingiti kwani ndugu zake nao walihitaji kusoma. Mnamo 1948 akaingia chuo cha Jeanes, Kabete, kujifunza ukaguzi wa afya. Hakuichagua taaluma hiyo kwa mapenzi. Aliishika kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na uwezo wa jamaa yake.

Hata hivyo, ilikuwa kazi ya heshima. Kuanzia 1951 alizunguka jijini akikagua maziwa, masoko, mikahawa na usafi wa majengo. Wakati ambapo Waafrika wengi Nairobi walikuwa vibarua, mtu mwenye cheti na mshahara wa mwezi alihesabiwa kuwa amefika.

Lakini ni kazi iyo hiyo iliyomfumbua macho. Mkaguzi Mwafrika alilipwa karibu moja kwa tano tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu mwenye ujuzi sawa na aliyefanya kazi ile ile. Wapo walionung'unika faraghani kisha wakaendelea na shughuli zao. Mboya alijitosa katika chama cha wafanyakazi Waafrika wa baraza, akachaguliwa kukiongoza, na kufikia 1952 alikuwa amekigeuza kuwa chama kamili cha kutetea wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mchana alikuwa mkaguzi. Baada ya saa za kazi alikuwa akiandikisha wanachama, akiandika barua na kusoma sheria za kazi.

Hali hiyo ya kuwa na kazi mbili haingeweza kudumu. Mwajiri alimtilia shaka, na wafanyakazi nao walizidi kumhitaji. Ilimbidi achague.

Ili kuupima uzito wa uamuzi huo, yafaa tukumbuke nyakati zenyewe. Chege Kibachia, aliyewaongoza wafanyakazi Mombasa, alikuwa amehamishiwa Baringo tangu 1947. Makhan Singh alizuiliwa mwaka wa 1950, asiachiliwe hadi 1961. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Fred Kubai na Bildad Kaggia, ambao pia walikuwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi, walikamatwa pamoja na Jomo Kenyatta, na Aprili 1953 wakahukumiwa kifungo cha miaka saba. Kwa hivyo aliyeiacha kazi ya baraza wakati huo hakuhatarisha mshahara pekee. Alihatarisha uhuru wake.

Mboya aliiacha. Mwaka huo wa 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vilivyosajiliwa, chombo kisichokuwa na hazina ya maana na ambacho wengi wa watangulizi wake walikuwa kizuizini. Serikali ilipofanya msako mkubwa Nairobi mnamo Aprili 1954 na kuwazuilia maelfu ya watu, shirikisho hilo lilikuwa miongoni mwa sauti chache za Waafrika zilizoruhusiwa kusikika. Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, Mboya alishuka pwani, akawashawishi warejee kazini huku madai yao yakisikizwa, na hatimaye wakapata nyongeza ya mshahara. Jina lake likavuma nchi nzima.

Mengine yalifuata kwa kasi. Alikwenda Oxford kusoma katika chuo cha Ruskin mwaka wa 1955, na aliporudi akachaguliwa Machi 1957 kuwakilisha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwishoni mwa 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza mkutano wa watu wa Afrika yote jijini Accra. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliyobeba wanafunzi 81 iliondoka kuelekea Marekani kwa juhudi zake na wenzake. Yeye aliyekwamishwa na karo akawafungulia wengine mlango. Baada ya uhuru alikuwa waziri, na alikuwa akisimamia wizara ya mipango ya uchumi alipopigwa risasi Julai 5, 1969, akitoka katika duka la dawa katikati ya Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Amezikwa Rusinga.

Kuna watakaosema kwamba angalibaki kukagua maziwa, angaliishi akazeeka. Huenda. Lakini je, methali tuliyoanza nayo ilimhusu? Mswala aliouendea haukuwa upitao. Alikuwa ameusuka mwenyewe, jioni baada ya jioni, angali ameketi juu ya mbacha wake wa zamani. Alipoondoka barazani alijua ugumu wa kazi mpya, alijua watu aliokuwa akiwaendea, na alikwisha kuona yaliyowapata waliomtangulia.

Anayewaza leo kubadilisha kazi huenda asikabiliwe na kizuizi wala bunduki. Ila maswali yaliyomkabili Mboya bado ni yale yale: je, kazi unayoitamani umeijaribu, au umeitazama tu kwa mbali? Na je, gharama yake umeihesabu?