Askofu Steere na kiwanja cha soko la watumwa

Wenyeji wa Manyoni na Kilimatinde wanajua kwamba nchi yao ilipitiwa na njia kuu ya misafara ya karne ya 19: kutoka Unyanyembe, kukatiza pori la Mgunda Mkali, kuteremka Ugogo na kuendelea hadi Bagamoyo. Wapagazi walibeba pembe za ndovu, na pamoja nao walitembea watu ambao wenyewe walikuwa bidhaa. Wengi waliovushwa bahari walipigiwa bei katika soko la Mkunazini, Unguja. Leo tumtazame mtu aliyejenga kanisa juu ya soko hilo.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria kabla ya kuwa kasisi, na nadhani uanasheria haukumtoka. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Sultani Majid akawapa wavulana watano waliokuwa wamekamatwa katika jahazi la watumwa. Steere aliwafundisha kusoma, naye akawa mwanafunzi wa Kiswahili, hata mwaka 1870 akachapisha kitabu cha sarufi na kingine cha hadithi za Waswahili.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akishinikizwa na Waingereza, alitia saini mkataba na soko likafungwa. Kiwanja kikabaki. Sehemu yake ilinunuliwa na kasisi mmoja wa misheni, nyingine ikatolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji.

Hapa ndipo penye ugumu. Mathayo anasimulia kwamba makuhani walikataa kutia vile vipande 30 vya fedha katika hazina ya Hekalu, kwa kuwa ni bei ya damu, wakanunulia shamba la kuzikia wageni. (Ajabu ni kwamba ni wao wenyewe waliozitoa fedha hizo.) Je, kanisa limiliki ardhi ambayo bei ya damu ilihesabiwa juu yake miaka nenda rudi?

Steere hakukikwepa kiwanja, wala hakukisahaulisha. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873. Alipokuwa askofu, mwaka 1874, aliusimamia ujenzi mwenyewe. Paa la mawe ya matumbawe lilitiliwa shaka na wengi kwamba litaanguka. Lipo hadi leo. Husimuliwa kwamba mafundi walisimamisha nguzo kadhaa kichwa chini yeye akiwa safarini, akaziacha hivyo hivyo. Na altare, kwa mapokeo ya kanisa hilo, iliwekwa pale ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Angeweza kupanda maua pale, na hakuna ambaye angemlaumu.

Leo mgeni hulipa kiingilio langoni Mkunazini. Sioni dhambi katika ada hiyo. Jengo la zaidi ya miaka 140 linahitaji fundi. Ila mgeni huyo huteremshwa pia katika vyumba vya chini ya jengo la jirani na kuambiwa kuwa watumwa walifungiwa humo, na wapo wanahistoria wanaosema vyumba hivyo vilijengwa baada ya soko kufungwa. Kama ni hivyo, basi tunapokea fedha kwa machozi tuliyoyaongeza wenyewe, ilhali yale ya kweli yanatosha.

Steere aliyatumia mapato ya kiwanja kile kwa namna nyingine. Mwaka 1876 alifuatana na watu waliokombolewa kurudi bara, wakaanzisha kijiji cha Masasi. Mwaka 1879 alimpa ushemasi John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano wa jahazini. Steere alifariki Agosti 1882, wakamzika nyuma ya altare, hatua chache kutoka pale ulipokuwa ule mti.