Mark Twain na Biri Zilizovuliwa Utepe

Biri ni ile sigara nene isokotwayo kwa majani matupu ya tumbaku, bila karatasi. Wapo wajiitao wajuzi wake: huinusa, huiminya kwa vidole, hulitazama jivu, ndipo wakatoa hukumu. Ujuzi huo ulitiliwa shaka na mwandishi wa Marekani, Mark Twain, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Samuel Langhorne Clemens.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1835 katika jimbo la Missouri, akakulia Hannibal, kando ya mto Mississippi. Alifanya kazi ya kupiga chapa, akawa rubani wa meli za mvuke, kisha kalamu ikamtangaza duniani. Tumbaku aliianza angali mtoto, na biri alizozipenda zilikuwa za bei ya chini kabisa, hata wageni wake wakaziogopa.

Katika makala yake moja alisimulia hila aliyowafanyia rafiki zake. Mmoja wao alisifika kwa biri za fahari, za senti 40 kila moja, zenye utepe mwekundu na wa dhahabu. Twain alizichukua kwa siri konzi mbili, akazivua utepe, akazitia katika kisanduku cha biri zake duni. Baada ya chakula cha usiku akawakaribisha wageni. Wakavuta kwa kujikaza, mazungumzo yakafa, kisha wakaaga kwa haraka isiyo na adabu. Asubuhi biri zilikutwa zimetupwa toka mlangoni hadi langoni, isipokuwa moja tu, iliyoachwa katika sahani ya mwenye mali mwenyewe! Huenda msimulizi alitia chumvi, kwani ndiyo iliyokuwa kazi yake. Lakini hatudhani kwamba aliwasingizia wale wageni. Macho yao yalikwisha kuuamulia ulimi.

Madhara ya biri, hata hivyo, hayakutazama bei. Rafiki yake Jenerali Ulysses Grant, aliyepata kuwa Rais na mvutaji mkubwa wa biri, alipatwa na saratani ya koo mwaka 1884, tena akiwa amefilisika. Twain alikubali kumchapishia kumbukumbu zake. Grant akaziandika katika maumivu makali, akazimaliza siku chache kabla ya kufariki tarehe 23 Julai 1885. Mwaka uliofuata mjane wake alipokea hundi ya dola 200,000.

Twain aliyashuhudia hayo yote, naye akaendelea kuvuta. Mwaka 1909 moyo wake ulipoanza kumsumbua alipunguza idadi, asiache. Alifariki tarehe 21 Aprili 1910.