Tharia Topan na Daftari la Forodha

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: fahamu, ewe ndugu msomaji, ya kuwa katika Suratul-Baqara, aya ya 282, tumeamrishwa tuyaandike madeni yenye muda, na mwandishi awe mwadilifu. Basi tutazame khabari za mtu aliyeinuliwa na kalamu.

Tharia Topan, Khoja wa Kiismaili, alizaliwa mwaka 1823 huko Lakhpat, nchi ya Kachi, katika Bara Hindi. Aliingia Unguja angali kijana maskini, na yasemekana hakujua kusoma. Akapata kazi katika nyumba ya Jairam Shivji, iliyokuwa imeikodi forodha. Desturi ilikuwa hivi: mwenye kukodi humlipa Sultani fedha maalumu kila mwaka, kisha yeye hutoza ushuru wa bidhaa ziingiazo, 5 katika kila 100. Ukizidi ni faida yake, ukipungua ni hasara yake; kwa hivyo daftari ndilo roho ya kazi. Tharia akajifunza kuandika, akapanda daraja, hata mwaka 1876, katika enzi ya Sayyid Barghash, akaikodi forodha yeye mwenyewe.

Tena aliwapa wasafiri wa bara mali kauli, nguo na shanga, zikalipwa kwa pembe zilizobebwa na wapagazi, Wasukuma na Wanyamwezi wakiwamo. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alichukua mali kwake, akashika njia mwaka 1870, asirejee Unguja mpaka 1882. Hesabu ya miaka 12 haihifadhiki moyoni. Huhifadhiwa kwa wino.

Walakini tusifiche: kabla ya mkataba wa mwaka 1873, forodha ile ile ilitoza ushuru wa watumwa. Mwana wa Adamu akaandikwa kama bidhaa. Hesabu ikawa sahihi, na dhulma ikabaki dhulma.

Tharia alifariki Bombay mwaka 1891. Hospitali aliyoiwekea jiwe la msingi mwaka 1887, ufukweni Unguja, ilimalizika baada yake, na jengo lingalipo.

Basi, enyi ndugu wa Lingeka na Bariadi yote, mpelekapo pamba mizanini, msione haya kutaka uzito uandikwe mbele yenu na msomewe. Na wewe uliyeshika kalamu, jua ya kuwa asiyejua kusoma amekuwekea jasho la mwaka mzima katika mstari mmoja. Wallahu aalam.